Mkwe wa Kukimbiwa

Mektilda hakuwa mwanamke wa mbio. Magoti yalimkataza, na unene nao ulisaidia kukataza. Lakini kila mwezi wa sita, shule zikifungwa na wanawe wakiteremka Liuli kupumzika ziwani, mama huyu alikimbia. Mkwe wake Zabron akiingia kwa mlango wa mbele, yeye keshatokea wa uani. Zabron akienda kuoga ziwani, yeye hujitanda kanga mpaka machoni na kuzungukia nyuma ya mawe, kwa mwendo ambao daktari angeushangaa.

"Ni heshima," aliwaeleza watu. "Mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wanyasa."

Wala hakudanganya. Mama yake mzazi aliingia kaburini bila kula sahani moja na mkwe yeyote. Nani angethubutu kumlaumu mtu kwa kushika mila, zama hizi ambazo hazishikwi tena?

Zabron alikuwa mtu wa Musoma, Msabato, bwana shamba aliyehamishiwa Mbinga kwenye kahawa, na huko ndiko alikomwoa Stella, binti mkubwa. Mtu mpole. Akifika Liuli hukaa barazani peke yake, akausalimu mgongo wa mama mkwe, na chakula akaletewa na watoto.

Mwaka huu upepo wa mwera ulichafua ziwa, basi watu wakashinda nyumbani. Mektilda alikuwa jikoni na Stella wakikaanga mbasa, samaki wa ziwani hapo, mara akaingia Xaveri, mume wa Mariana, binti mdogo. Xaveri ni wa hapo hapo Liuli, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Akachomoa kipande kikaangoni. Mektilda akamchapa mgongoni kwa mwiko.

"Mwizi mkubwa wewe! Kaa hapa ule kama watu."

Akamsogezea kigoda, wakala pamoja, mkono na mkono kwenye sahani moja, wakitaniana mpaka wakapaliwa. Xaveri alipotoka, Stella alikuwa bado ameshika kisu na samaki hajamgusa.

"Mama, kwani Xaveri si mkwe?"

Mektilda alijifanya kugeuza samaki kikaangoni.

"Huyu nimemwona tangu anatambaa," alisema.

"Kwa hiyo mila inachagua?" Stella hakupandisha sauti; ni mwalimu, amezoea. "Mwakani hatuji, mama. Zabron hajalalamika hata siku moja. Mimi ndiye nimechoka kumwona amekaa peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza."

Aibu ilimpanda Mektilda kuanzia miguuni. Maana alijua. Alikuwa ametaka mkwe wa ziwani, Mwanglikana, harusi ifungwe kanisani kwao na Liuli nzima itazame. Akaletewa mgeni, na harusi ikafungwa huko Mbinga kwa soda na nyimbo asizozijua. Hakuweza kusema simtaki, watu wangemcheka. Ndipo akaikumbuka mila. Aliiazima kama kanga ya jirani ya kwendea msibani, na hakuna aliyemuuliza aliitoa wapi. Na sasa binti alikuwa anamponyoka, pamoja na wajukuu, kwa ajili ya uongo uliovalishwa heshima.

Akapakua kipande kinono kuliko vyote, akaweka na ugali wa muhogo. "Nampelekea mwenyewe," alisema.

Akakata uwanja, uso wazi. Jirani waliokuwa wakipukuchua mahindi wakaacha. Zabron akainua macho, akamwona anakuja. Akaruka kutoka kwenye benchi kama aliyekalia siafu, akageuza uso, akapotelea nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mama!" sauti yake ilitoka kule nyuma. "Samahani sana, nimekuachia njia."

Uwanja mzima ulicheka na kupiga makofi. "Huyo sasa Mnyasa kamili!" Xaveri akapaza sauti. "Mama umemfundisha akafundishika!"

Mektilda alisimama na sahani yake ya moto. Angeweza kucheka nao. Njia ilikuwa wazi kabisa: acheke, sahani aiache kwenye benchi, arudi jikoni na sifa zake za mshika mila. Akamwona Stella mlangoni, anamtazama.

"Marahaba, baba," alisema. "Zabron, rudi. Ile haikuwa heshima. Sikukutaka tu."

Kicheko kikakatika.

"Najua, mama," Zabron alijibu taratibu kutoka nyuma ya ukuta. "Najua tangu mwaka ule wa kwanza. Nilidhani usingependa watu wajue."

Mektilda alilia mbele yao wote, machozi yakidondokea ugali, mpaka mkwe wake akatoka kule nyuma, akamjia uso kwa uso, na kuipokea sahani kwa mikono miwili.