Udi wa Bibi na Samaki Malaika wa Mama

Harufu ya udi ikinijia ghafla, hata barabarani, mwanamke akinipita na baibui lake lililofukizwa, picha inayonijia si ya harusi wala ya Idi. Naona samaki amelala ubavu juu ya maji, mapezi yake marefu yamenywea kama utepe uliolowa.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Ngamiani, Tanga mjini. Mama alikuwa na tangi la kioo sebuleni, na ndani yake alikuwa amepanda majani ya kweli, akiyapunguza kwa mkasi wa kucha kwa utulivu wa mtu anayemsuka mtoto. Humo waliishi samaki wadogo wa kila namna. Katikati yao walipita samaki malaika wanne, bapa kama chapati zilizosimamishwa wima, na mwendo wao wa polepole, kama wageni waliokuja kukagua nyumba. Kando ya tangi, juu ya stuli, kijipampu cha hewa kilinguruma kutwa kucha.

Kisha mama akaugua moyo. Ikabidi apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa, baba akafuatana naye. Asubuhi ya safari mama alinishika kidevu, akasema, "Nakuachia samaki wangu. Nikirudi niwakute."

Yalikuwa maneno ya kuagana tu. Lakini mtoto huyapima maneno kwa mizani yake, na mimi nilisikia sharti: wakiwepo, atarudi.

Bibi, mzaa mama, alikuja kutoka Kigombe kukaa nami. Nilipomwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, mke mwenzangu. Chai umeninywea yote?" Alhamisi ya kwanza, baada ya alasiri, alifukiza nyumba kama ilivyo desturi yao. Udi wake aliupika mwenyewe kwa sukari na manukato, na moshi wake ulikuwa mzito na mtamu. Alipita chumba kwa chumba, mwisho akakiweka chetezo chake cha makaa juu ya ile stuli, mahali pasipofikiwa na upepo wa mlangoni.

Ijumaa asubuhi, malaika mmoja alikuwa amekufa.

"Hasadi hiyo," Bibi alisema. "Jicho limeingia humu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Tangu hapo akafukiza kila siku, na chetezo kikawekwa palepale, karibu na wanaoandamwa.

Wa pili akafa, kisha wa tatu. Nilibadilisha maji kama mama alivyonifundisha, nikiyaacha kwanza kwenye ndoo siku nzima. Nilihesabu punje za chakula. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikakauka, maana nilianza kuamini kwamba jicho lile ni langu.

Siku moja baba akapiga simu ya picha. Uso wa mama ulijaa kiooni, midomo imepauka. "Nionyeshe wanangu."

Nikaielekeza simu kwenye majani, pale yaliposongamana. "Wamejificha, mama. Wanaogopa simu."

Akacheka, kicheko kikamkatikia kifuani. "Basi waambie kesho napasuliwa. Waniombee."

Kesho yake malaika aliyebaki alikuwa juu kabisa, akihema upesi upesi chini ya utando mwembamba, kama mafuta ya mchuzi uliopoa. Nikakimbilia jikoni. "Bibi, ongeza udi."

Bibi hakutania. Alimimina makaani udi wote uliobaki mkobani, tukakaa mkekani mbele ya tangi, yeye na tasbihi, mimi na kidole kwenye kioo. Adhuhuri haijaingia, samaki akainama ubavu, akatulia.

"Bibi, mama amekufa."

"Nani kakwambia?"

"Malaika wameisha."

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Kilinukia udi, na kilikuwa kinatetemeka. Tukakaa hivyo mpaka simu ilipoita. Aliitazama ikiita, asiiguse. "Pokea wewe," akasema.

Ilikuwa sauti ya baba. "Ametoka. Anapumua mwenyewe."

Mama alirudi baada ya majuma kadhaa, amekonda. Alilitazama tangi kwa muda, kisha akasema, "Hawa wadogo umewalea vizuri." Hakuniuliza wale malaika walikufaje.

Jibu nililipata ukubwani, nilipoanzisha tangi langu na muuza samaki wa mapambo akaniuliza, "Dada, nyumbani mnachoma nini?" Akanieleza taratibu, nami nakueleza hivyohivyo: pampu haitengenezi hewa. Huivuta ile iliyopo karibu nayo na kuipuliza majini, moshi nao ukiwemo. Kwa nini walikufa malaika na wadogo wakapona, hata yeye hakuwa na hakika. Ila nawe ukipoteza samaki usijue sababu, usianze kwa kujilaumu. Anza kwa kutazama pampu yako inavuta nini.

Nilichochelewa kuelewa zaidi ni kile kiganja. Nilidhani siku zile niliyeogopa ni mimi peke yangu. Lakini aliyelala kule Dar alikuwa mtoto wa Bibi, na kila alipozidi kuogopa, aliongeza udi.

Bibi yu hai, ingawa macho yamefifia. Akija kwangu Alhamisi na mkoba wake, nachomoa waya wa pampu kimyakimya, nalifunika tangi kwa kanga, kisha namshikia chetezo.

"Wale samaki wa mama yako, mke mwenzangu," aliniambia juzi, "hatukujua kilichowaua."

"Hatukujua, bibi," nikamjibu. "Ongeza udi."