Siku Nilipopeleka Samadi ya Nyota Rweya

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya shemeji, vikanibana hadi machozi. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nimeishia darasa la nne. Padri mmoja wa upande wa Kashozi, mwalimu wa sayansi aliyekula senene, wale panzi wetu watamu, kutushinda sisi wenyeji, alinisikia nikibishana sokoni kwa Kihaya na Kiswahili, akaniajiri niwe mkalimani. Mkalimani, wajukuu, si kasuku. Anabeba maana, maneno mengine anayaacha njiani.

Nilianzia Ijuganyondo, halafu zama za ujamaa tukapelekwa Buganguzi kwenye madarasa ya watu wazima. Huko ndiko nusura nifukuzwe kazi.

Siku hiyo Padri alifundisha kwamba chuma hupikwa ndani ya nyota. Nyota kubwa ikizeeka hupasuka ikamwaga vumbi lenye chuma, na galaksi, yaani kundi zima la nyota, hupuliza vumbi lile zito hadi kwenye uwazi ulio kati ya galaksi na galaksi. Sasa hiyo kwa Kihaya nitaisemaje? Nikasema: galaksi ni kibanja, shamba letu la migomba linalozunguka nyumba. Ule uwazi ni rweya, nyasi tupu pasipoota mgomba. Basi samadi ya nyota, yaani lile vumbi, hutoka kibanjani ikaenda rweya.

Kwetu samadi huingia kibanjani, haitoki! Na kijiji cha ujamaa kilikuwa kimepimwa wapi? Rweya. Watu wakasikia amri ya kupeleka samadi yao huko.

Mama Koku, mjane mwenye ng'ombe wawili, akasimama, akaanza kwa neno letu la heshima. "Padri, waitu, kumbe nyota ni geresha! Semeni tu mnataka samadi yangu."

"Si yako, mama," nikamjibu. "Ya nyota."

"Nyota zina ng'ombe?"

Wakacheka, wakatoka wote.

Kesho yake Katibu Kata akatuita ofisini, mimi na Padri, akanikazia macho mimi. "Watu wanaficha samadi. Umetangaza amri ya nani? Kazi huna!"

Nikachora kibanja kwa kidole sakafuni, nikaeleza upya. Naye Mhaya, akainama kutazama.

"Na hiyo rweya ya juu, inaotesha kitu?"

Padri akajibu, "Vumbi jingine hurudi, likazaa nyota mpya."

Katibu akacheka mpaka akavua miwani. "Rudi kazini. Ila rweya usiitaje tena bila ruhusa yangu."

Wiki iliyofuata Mama Koku alikuja na kigoda chake. "Nimekuja kusikiliza. Samadi nimeiacha na mlinzi."

Nilistaafu nikiwa mkalimani, na hadi leo nikiikumbuka sakafu ile ya Katibu nashusha pumzi. Ukitaka kufananisha mbingu na kitu, wajukuu, uliza kwanza kitu hicho ni cha nani.