Mtani wangu alishika kifua, nami nikamwiga

Admin, nifiche jina. Shikamooni mlionizidi umri, kama mmebaki. Nina miaka sabini na nane na meno manne. Shule niliacha darasa la nne, baada ya mimi na mwalimu kuchokana. Naishi upande wa Malindi, na kuna jambo nimelificha tangu miaka ya themanini.

Wakati huo nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi, Marereni, pamoja na Karisa, mtani wangu. Utani wetu ni wa ukoo: akijikwaa, nacheka kwanza ndipo nimwinue. Daktari akampa vidonge vya presha, akamkataza chumvi. Ee, nilipata la kusema! "Mwanamume anavuna chumvi kutwa, kwake anakula mchuzi wa maji!" Nilimcheka mpaka akaviacha vidonge.

Asubuhi moja akaweka reki chini. "Mtani, kifua kimebana kama nimekaliwa na gunia. Na mkono huu wa kushoto unauma." Jasho la baridi linamtiririka. Nami nikashika kifua changu, nikapepesuka nikimwiga. Vibarua wakavunjika mbavu. "Hiyo ni mihogo ya jana," nikasema. "Mpeni kahawa ya tangawizi."

Lori lilikuwa likienda Malindi. Dereva akauliza kama kuna mgonjwa.

"Mgonjwa wa uvivu. Nenda zako!"

Karisa mwenyewe alicheka. Lori halijafika barabarani, akaanguka. Hakuamka tena.

Matangani, mkewe Dama akaniuliza mbele ya wazee, "Shemeji, hakulalamika hata kidogo?"

"Hata. Alianguka ghafla tu."

Vibarua wenzangu, waliocheka, nao wakainamisha macho. Basi hiyo "ghafla" yangu ikapelekwa kwa mganga, ikarudi na jina la Kazungu, kaka mkubwa wa marehemu: eti ndiye aliyemloga. Akafukuzwa kwao na godoro kichwani. Mpaka leo anaishi peke yake Magarini.

Mwaka huu kifua kikanibana mimi. Nikajaribu mzaha, mkwe wangu hakucheka, akanikimbiza hospitali. Daktari akauliza: kinabana? Maumivu yanapanda tayani, yanashuka mkononi? Jasho la baridi? Kila swali namwona Karisa. "Mzee, moyo ulikosa damu. Umepona kwa kuwa umewahishwa." Nikalia. Akadhani namshukuru.

Sasa vidonge nameza na mchuzi wa maji nakunywa. Usingizi ndio sina. Juzi Kazungu kaniletea ujumbe: miguu imemvimba, anaomba nimsemee kwa Dama arudi akafie kwao. Kanichagua mimi kwa sababu nilikuwa rafiki wa nduguye.

Dama bado ananiita shemeji, kila Krismasi ananiletea kuku. Nikisema kweli, wanawe watanila mbichi. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atazikwa mchawi.

Ninyi mtu akishika kifua, mpakieni garini, mcheke baadaye. Mimi nishaurini: nianzie kwa Dama niliyemdanganya, au kwa Kazungu anayeniita rafiki?