Maji Yaliyouma Siku Tatu

Kuna siku moja nisiyopenda kuikumbuka, mwanangu Nafula, lakini leo umenilazimisha. Tangu unitumie ile picha ya shower unayotaka kuweka huko Kabuchai, sijakaa chini. Nimekata kitambaa cha mteja vibaya, nimeunguza maziwa, nimekupigia mara tatu na hushiki simu. Ati, "Mum, si inakaa poa?" Inakaa poa, ndiyo. Hata yangu ilikaa poa. Wanasema majuto ni mjukuu, na wangu yuko hapo kwako, ameanza kutambaa. Fundi wako anakuja kesho, kwa hivyo soma hii yote kabla hujamfungulia geti, tena usirukeruke mistari kama ilivyo kawaida yako.

Ulikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumehamia nyumba yetu hapa Kitale, rangi bado inanuka, na nyanya yako, mama wa baba yako, akatuma habari kwamba anakuja kutoka Bungoma kutuona kwa mara ya kwanza. Unajua mimi si wa huko. Watu wangu walitoka Nyeri wakaja kulima mahindi huku Trans-Nzoia, na nilikuwa nimesikia kule kwa baba yako kuna wanaonong'ona kama mke wa Kikuyu atajua kukaa na wazee. Sasa, kwa nyanya yako mke wa nyumba ndiye humpashia mgeni maji na kumbebea beseni mpaka bafuni, na mgeni huoga bila neno hata yakiwa baridi. Kukosoa maji ni kumkosoa aliyeyabeba. Mimi nikajiambia, beseni la nini? Huyu mama ataogea shower ya stima, inayopasha maji yenyewe kwa umeme, arudi Bungoma akawasimulie hao wanaonong'ona.

Msichana wa dukani aliniwekea mbili kwenye kaunta. Moja ilikuwa nzito, nyeupe tu, haina maringo. Ya pili ilikuwa nyepesi, imezungushiwa mkanda wa rangi ya dhahabu. Akaniuliza, "Madam, maji yenu ni ya mfereji ama ya kisima?"

Nikamjibu, "Dada, maji ni maji."

Maji ni maji! Mimi, fundi wa nguo, ambaye mteja akiniambia kitambaa ni kitambaa humcheka mpaka aone haya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliikariri shuleni, na bado nikaubeba mkakasi wangu nyumbani nikitembea kwa madaha.

Fundi nilimwokota tu kituo cha boda, kwa sababu alikuwa na bisibisi na hakuwa na kazi nyingine siku hiyo. Alipokuwa akifunga nikaona waya mmoja wa kijani ameukunja na kuusukuma ndani ya ukuta. Nikamuuliza, na huo je? Akasema, "Huo hauna kazi, mama." Nikamwacha aendelee. Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini kuridhika na jibu lolote kwa sababu mgeni yuko njiani, huo ni ujinga mtupu.

Nyanya yako akafika. Siku ya kwanza alitoka bafuni haraka sana, akasema, "Asante, Mama Nafula. Maji ni moto." Nilifurahi kama mtoto. Siku ya pili akaomba malapa ya mpira. Nikampa, kisha nikaenda kwa jirani kucheka kwamba mama mkwe anaogopa kukanyaga vigae. Siku ya tatu nikamwona akiingia na leso mkononi, na alipotoka ncha moja ilikuwa imekunjamana. Kumbe alikuwa akishikia bomba kwa leso. Nikaudhika. Yaani nyumba yangu ni chafu kiasi hicho? Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa tayari kumpa jembe pamoja na begi lake.

Mchana huohuo ukaingia ndani umejaa matope hadi kwenye nywele. Nikakuvua nguo nikupeleke kuoga. Nyanya yako akasimama mlangoni pa bafu, mikono huku na huku.

"Huyu ataoga kwa beseni."

"Mama, hapa si Bungoma. Huku tunaogea shower."

"Nimesema beseni."

Nikajaribu kukupitisha chini ya mkono wake, nawe unalia. Alikunyakua, mwanangu, mwanamke wa umri ule, akakutupa mgongoni kwake. Kisha akaniambia polepole, "Basi enda, ufungue hiyo bomba. Wewe. Peke yako."

Nilifungua kwa hasira. Maji yakanilowesha mkono, na nilipogusa tena bomba la chuma stima ikanishika mpaka begani, ikanirusha nikagonga mlango kwa kisogo. Nilikaa sakafuni nikikutazama wewe juu ya mgongo wake, uchi, umelowa machozi, una miaka minne tu.

"Mama, ulijua?"

"Imekuwa ikiniuma tangu siku ya kwanza. Kidogo kidogo. Leo ndio imeuma sana."

"Na hukusema?"

"Ningesema aje? Si ni wewe umenipatia maji? Nilidhani pia ya stima ndio iko hivyo. Mimi nimezeeka, naweza kuvumilia. Lakini huyu mtoto, hapana. Kwa mtoto siwezi nyamaza."

Nililia, Nafula. Nililia kwa aibu, maana mama wa watu alikuwa amepigwa na umeme siku tatu ili asinivunjie heshima, na mimi nilikuwa kwa jirani nikimcheka malapa.

Baba yako alizima stima ya nyumba nzima, na kesho yake akaleta fundi mwenye leseni. Alipoifungua ile shower, ndani mlikuwa na koili ya kupashia maji, nyembamba kama uzi wa kudarizi, imeshaanza kuliwa. Akatueleza kwamba maji ya kisima, kama haya yetu, yana madini hata kama ulimi hausikii chumvi, na madini hayo hubeba umeme. Waya wa kijani ndio ungeupeleka ardhini. Ulipokunjwa, umeme ulitafuta mtu.

Sasa sikia. Maji yenu huko Kabuchai ni ya kisima, kwa hivyo tafuta shower iliyotengenezwa kwa maji ya aina hiyo, na mwenye duka akuonyeshe kwa kidole palipoandikwa. Ipime kwa mkono; nyepesi sana iache hapohapo. Atakayekunyima karatasi ya waranti mwache na dhahabu yake. Tangi liinuliwe juu ya dari, kwa sababu maji yakishuka kwa uvivu koili huungua. Iwe na waya wake mnene na swichi yake yenyewe, na wewe, mwanangu, simama hapo mpaka uone kwa macho yako waya wa kijani umefungwa. Fundi akikwambia hauna kazi, mfungulie geti atoke. Usimwonee haya.

Na kuna hili, ambalo hakuna duka litakalokuambia. Watu wa kwenu wana adabu sana. Mama mkwe wako atakuja, ataoga, atasema asante. Weka kitu ambacho mgeni hatahitaji adabu ili akivumilie. Halafu ingia wewe kwanza, kabla ya mgeni, kabla ya mtoto.

Mungu wa nyanya yako akulinde, Nafula. Akupe nyumba ambayo mtu akiumia ndani yake atasema, na wewe utasikia mara ya kwanza.