Anayependa Kukata

Mhariri mkongwe wa filamu huwapokea vijana wanaoanza kwa bashasha. Kazi ikiwa mbovu, huwapigia makofi: "Hongera, mwanangu, utafika mbali!" Ikiwa nzuri, huvua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati na kutafuta kasoro. Leo binti mmoja kamletea filamu ya dakika tisa. Ilipofika pale mshonaji anayepoteza macho anapojaribu mara saba kutunga uzi kwenye sindano, bila muziki wowote, mhariri akaona kijicho. Miaka thelathini hajapata kutoa kipande kama kile. Akaipangusa miwani mpaka ikalia.

"Hapo pakate, mwanangu. Panachosha."

Binti akatabasamu. "Basi napaacha hivyo hivyo, mwalimu. Wenzangu wameniambia ukipachukia, ndipo penyewe."