Ngata za Mabaki

Jumapili iliyopita niliitua sufuria ya maharage juu ya kitambaa cha plastiki mezani, hapa kwangu Utemini, na papo hapo kikayeyuka. Mwanangu alicheka. Mimi nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, nikimuwaza bibi yangu wa Issuna.

Bibi alikuwa msusi wa vikapu. Baada ya mavuno, upepo wetu ule wa Singida ukivuma mchana kutwa, alijibanza nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, akizungushia nyasi kwa katani aliyoitia rangi. Vikapu vilikwenda mnadani. Sisi wajukuu tuliachiwa mabaki: vipande vifupi vya katani, vyekundu na vya zambarau, na nyasi zilizokatika. Kwa hayo tulisuka vifuniko vya vibuyu vya maziwa, na zaidi ngata, ile miviringo ya kukalishia chungu chenye moto.

Nami nilitaka jambo moja tu duniani: kusuka kikapu cha mnadani. Lakini bibi alikuwa habembelezeki. Hukigusi kikapu mpaka ngata yako ibebe chungu cha mlenda bila kuyumba, watu wote wakiona. Basi kwa pupa yangu nikavuta katani upande mmoja kuliko mwingine. Chungu kikainama, mlenda wote ukamwagikia majivuni. Jamani, nililia! Jioni ile tulikula ugali wa mtama kwa chumvi.

"Leo jiko limeshiba kuliko sisi," babu akasema.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Pole pole, mke mwenzangu. Haraka haraka haina baraka."

Msimu mzima nikawa nasuka na kufumua. Mpaka leo nasikia ile sauti ndogo ya sindano ikipenya kwenye nyasi, na harufu ya mafuta ya alizeti ikitoka jikoni, na usingizi wa mchana ukininyemelea kazi ikiwa magotini. Siku moja chungu kikatua, kikatulia. Bibi alichukua kikapu alichokuwa akikisuka, akanikabidhi. Mzunguko wa mwisho, ule wa mdomoni, niliusuka mimi. Nilipomaliza nikamsihi tusikiuze.

"Kizuri huenda kwa watu," alisema, na kesho yake kikaenda.

Bibi alifariki mwaka juzi. Vikapu vyake vimo katika nyumba za watu nisiowajua. Na ngata? Tulizitumia tu. Ikiungua tuliisukumia motoni, tukasuka nyingine, maana mabaki yalijaa kila kona. Nani angefikiri kuiweka hata moja?

Siku ya matanga nilipekua jikoni kwake, nikitafuta kitu chochote kilichosukwa kwa mikono yake. Chungu cha mlenda nilikikuta pale pale chini, kimekalishwa juu ya kipande cha boksi.