Hapana ya Mzee Tadokoro

Mzee Tadokoro, aliyeishi ghorofa moja chini yetu pale Adelphi, aliwahi kuwa na jina kwao Japani. Aliandika hadithi za upelelezi za enzi za kale, Tokyo ikiitwa Edo, na mpelelezi wake alikuwa muuza miavuli. Kufikia mwaka 1998 wasomaji wake wengi walishazikwa, na hapa Maryland, Marekani, alikuwa mzee tu wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Inaniuma hata leo.

Aliyemsukuma ni Flaviana, Mtanzania mwenzangu, aliyekuwa akimhudumia nyumbani. Mzee alikuwa anamalizia kitabu chake cha mwisho, kwa mkono, na kila alasiri alimsimulia Flaviana, kwa Kiingereza cha kuungaunga, habari za tajiri wa mchele aliyelishwa sumu. Flaviana akipanda kwangu, mazungumzo ni hayo hayo. Mimi nilimshuku shemeji wa huyo tajiri.

Binti wa mzee, Naomi, alizaliwa hapahapa. Kijapani alikielewa kidogo, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu na Kiswahili. Siku moja alikuja kusafisha, akakuta marundo ya karatasi asizoweza kuzisoma.

"Baba, hizi huzihitaji tena?"

"No," akajibu mzee, akarudi kwenye chai yake.

Flaviana alikuwa hapo anakunja mashuka, akaridhika. Kwetu ukiulizwa "Hujala?" ukajibu hapana, maana yake umeshakula. Kumbe kwa Wajapani ni vivyo hivyo: mzee alikuwa anakataa, karatasi anazihitaji. Naomi, Mmarekani wa watu, alisikia kwamba hazihitaji. Flaviana alipokwenda kuyaweka mashuka, Naomi akazibeba zote mpaka kwenye pipa la taka, tena kwa upendo kabisa.

Gari la taka lilipita kabla mzee hajaziulizia. Alipoelezwa hakugomba. Aliomba kalamu, akaishika kidogo, akairudisha. Kabla theluji haijaanza akafariki, na muuza miavuli wake akabaki hajamkamata mtu.

Baada ya mazishi Naomi alimkuta Flaviana akifunga virago. Macho ya Naomi yalikuwa yamevimba. Alisema hajutii kitu maishani kama zile karatasi, na angetoa chochote ajue kitabu kiliishaje.

"Baba hakukwambia muuaji ni nani?"

"Yes," akajibu Flaviana kwa uchungu, maana ndivyo ilivyokuwa: hakumwambia.

Naomi akafuta machozi, akavuta kiti, akaketi kumsikiliza.